Wakili wa Mwalimu: D. N. Pritt, kesi ya 1958, na sisi wa Soni



Kwa kawaida ukurasa huu wa historia huwa wa mtu wetu: mzee aliyeanzisha shule, mkunga aliyezalisha nusu ya kata, shehe au mwinjilisti aliyewafundisha baba zetu kusoma. Mwaka huu tumemweka Mwingereza, na kesi yake tunayoitaka ilisikilizwa Dar es Salaam, mbali na milima yetu. Msituulize mapema kwa nini. Tutafika.

Mambo yalianzia kwenye kikao cha kamati, siku tuliyokuwa tukibishana fedha za mwaka huu ziende wapi. Wako waliotaka tanki la maji, wako waliotaka madawati. Mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache, akasimama akaeleza habari za mama yake. Bibi huyo alikuwa na shamba dogo lenye migomba, kahawa kidogo na mti mmoja wa plamu, na jirani akasogeza mpaka. Alishtaki kwenye baraza la kata akashindwa. Alikuwa na haki ya kukata rufaa ndani ya siku 45, lakini hakuna aliyemwambia habari ya siku. Alivuna kwanza maharage, akauza, akapata nauli, akaenda. Akaambiwa umechelewa, mama. Shamba likaondoka hivyo, kwa sababu ya kalenda.

"Mwalimu Nyerere mwenyewe alihitaji wakili," mwenzetu akamaliza, "na alikuwa amesoma Edinburgh. Sembuse mama yangu?"

Tulinyamaza. Kisha kijana mmoja akauliza: Mwalimu alishtakiwa lini? Na wakili wake alikuwa nani? Katika chumba kile, watu wazima kadhaa, majibu yalikuwa haba. Ndipo tukakubaliana kwamba historia ya mwaka huu iwe hiyo.

Wakili huyo aliitwa Denis Nowell Pritt. Alizaliwa London mwaka 1887, akasoma Winchester, shule ya watoto wa wenye nafasi, kisha Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1909 akakubaliwa kuwa wakili. Kijana huyo hakuwa mwanamapinduzi hata kidogo. Alianza siasa upande wa Conservative, akahamia kwa Liberal, kisha kwa Labour, na uzeeni alipoandika maisha yake kitabu cha kwanza alikiita safari ya kutoka kulia kwenda kushoto. Alipofika 1927 alikuwa amepewa cheo cha Wakili wa Mfalme, ambacho huko kwao ni daraja la juu kabisa la uwakili. Kesi za matajiri zilimlipa vizuri. Angeweza kubaki hapo.

Mwaka 1931 polisi wa Kiingereza walimkamata Hong Kong Mvietnamu mmoja aliyekuwa akitafutwa na Wafaransa. Kumpeleka kwa Wafaransa ilikuwa sawa na kumpeleka kwenye kifo. Shauri lake lilifika London, kwenye Baraza la Faragha la Mfalme, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni yote, na Pritt akamsimamia. Lilimalizika kwa makubaliano, na yule mtu hakukabidhiwa kwa Wafaransa. Baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ho Chi Minh.

Mwaka 1935 Pritt aliingia Bunge la Uingereza kwa tiketi ya Labour, jimbo la Hammersmith Kaskazini, mjini London. Alikaa bungeni miaka 15. Katikati yake, mwaka 1940, chama chake kilimfukuza kwa sababu aliitetea Urusi ilipoivamia Finland. Alibaki na kiti, na uchaguzi wa 1945 akagombea bila chama akashinda tena, na mgombea rasmi wa Labour akaachwa mbali. Alishindwa mwaka 1950.

Hapa inabidi tuseme jambo lisilopendeza, kwa maana hatukukusudia kuandika sifa tupu. Mwaka 1936 Pritt alikwenda Moscow kutazama kesi ya Zinoviev na wenzake, watu ambao Stalin aliwafikisha mahakamani kwa ungamo la kulazimishwa na kisha akawaua. Pritt, wakili hodari wa kunusa ushahidi wa uongo, alirudi akaandika kwamba kesi ile iliendeshwa kwa haki. Mwaka 1954 Urusi ilimpa Tuzo ya Amani yenye jina la Stalin. Macho yaliyoona kila ufa katika mahakama za Kiingereza hayakuona kitu huko. Sisi tunadhani alikuwa mkweli kwa wanyonge wa makoloni na kipofu kwa wanyonge wa rafiki zake. Mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili, na tuliowahi kukaa kwenye vikao vya ukoo tunalijua hilo vizuri.

Afrika Mashariki ilimjua mwaka 1952. Usiku wa tarehe 20 Oktoba mwaka huo serikali ya Kenya ilitangaza hali ya hatari na kumkamata Jomo Kenyatta pamoja na viongozi wengi wa KAU. Sita kati yao walishtakiwa kuongoza Mau Mau: Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Kesi haikuwekwa Nairobi. Ilipelekwa Kapenguria, kaskazini kabisa, mahali ambapo wakati huo hapakuwa na hoteli wala reli, na mahakama ikakaa kwenye chumba cha shule. Mawakili walilala Kitale, na kila siku ya kesi walisafiri zaidi ya kilomita 30 kwenda na hizohizo kurudi.

Tazameni waliomzunguka Pritt pale. Alikuwapo H. O. Davies kutoka Nigeria. Alikuwapo Chaman Lall, mbunge kutoka India. Walikuwapo Achhroo Kapila, Jaswant Singh na Fitz de Souza wa Kenya. Huyo de Souza baadaye alikuwa Naibu Spika wa Bunge la Kenya. Na alikuwapo Dudley Thompson, Mjamaika ambaye ofisi yake ya uwakili ilikuwa Moshi, kwenye reli yetu hiihii ya Tanga inayopita Mombo. Thompson alirudi kwao akawa seneta, na katika miaka ya 1970 akawa Waziri wa Mambo ya Nje wa Jamaika. Kwa hiyo wakati wazee wetu wanashuka Mombo na magunia yao, kulikuwa na wakili mweusi vituo vichache mbele aliyekuwa akijiandaa kumtetea Kenyatta. Sisi wenyewe tulilijua jambo hili mwaka huu.

Hakimu alikuwa Ransley Thacker, jaji mstaafu aliyeitwa kazini kwa ajili ya kesi hiyo moja. Serikali ilimlipa pauni 20,000, fedha nyingi sana kwa siku zile. Pritt aliona mapema kwamba hukumu imekwishapikwa, na kazi yake akaifanya iwe ni kuuonyesha ulimwengu jiko. Alituma simu ya maandishi kwa wabunge wa London kulalamikia jinsi kesi inavyoendeshwa. Akashtakiwa kwa kuidharau mahakama, akapelekwa Nairobi, akashinda, akarudi Kapenguria kuendelea.

Jambo moja la kesi ile tunataka mlishike, kwa sababu litarudi. Mashahidi wengi walisema Kikuyu, na mahakama ilisikiliza Kiingereza. Mkalimani alikuwa Dkt. Louis Leakey, yule mtafiti wa mafuvu ya kale, aliyekua miongoni mwa Wakikuyu na kuijua lugha yao. Lakini alikuwa pia mtu wa serikali katika vita dhidi ya Mau Mau. Pritt alipinga tafsiri zake mara kwa mara mpaka Leakey akajitoa. Neno la mshtakiwa likipita kwenye kinywa cha mtu mwingine kabla ya kumfikia hakimu, mshtakiwa hana uhakika tena kwamba ni neno lake.

Tarehe 8 Aprili 1953 wote sita walihukumiwa miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa yake, lakini bado akabaki kizuizini. Mwaka 1958 shahidi mkuu wa upande wa serikali, Rawson Macharia, aliapa kwa maandishi kwamba ushahidi wake ulinunuliwa. Akashtakiwa kwa kiapo hicho, naye akafungwa. Kwa hesabu ya mahakamani Pritt alishindwa Kapenguria. Lakini Waingereza waliotaka Kenyatta afungwe kimyakimya hawakupata kimya hicho.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 1958 Tanganyika ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Baraza hilo lilianzishwa 1926, na kwa miaka 19 halikuwa na Mwafrika hata mmoja. Wawili wa kwanza, machifu Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali, waliteuliwa mwaka 1945. Uchaguzi wa 1958 uliwekwa kwa mpango wa kura tatu: kila mpiga kura lazima amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, ama kura yake iharibike. Na mpiga kura mwenyewe sharti awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Jipimeni wenyewe: ni wazee wangapi wa Soni mwaka ule walikuwa na pauni 150? Mwanachama mwenye mashamba mawili ya kahawa na kanzu safi ya Ijumaa au suti ya Jumapili bado hakuwa mpiga kura. TANU ilibishana sana Tabora mwezi Januari kama ishiriki au isusie, na Mwalimu akashinda hoja ya kushiriki.

Mwezi Mei gazeti dogo la chama, Sauti ya TANU, lilichapisha makala ya Mwalimu iliyowalaumu wakuu wa wilaya kwa kuwaonea wanachama. Serikali ikamshtaki kwa kashfa ya jinai. Wengi hudhani kashfa ni shauri la madai, unalipa fidia unaondoka. Hii haikuwa hivyo. Ilikuwa jinai, na mwisho wake unaweza kuwa jela. Tena sheria ile ilikuwa na mtego: haikutosha mshtakiwa kuthibitisha kwamba alichoandika ni kweli, ilimpasa pia aonyeshe kwamba kukichapisha kulikuwa kwa manufaa ya umma. Ukweli peke yake haukuokoa.

Pritt akaja kutoka London, wakati huo ana miaka 70. Hakusimama peke yake. Kulia na kushoto kwake walikuwa mawakili wawili wa hapahapa: Mahmud Rattansey wa Tabora na K. L. Jhaveri wa Dar es Salaam. Wote wawili walikuwa Waasia walioamua mapema kuwa upande wa TANU, wakati wenzao wengi walikuwa bado wanatazama upepo. Kesi ilisikilizwa mwezi Julai mbele ya hakimu mkazi wa Dar es Salaam, na watu walijaa nje ya mahakama. Mwalimu hakujificha nyuma ya karani wala mpiga chapa. Alikiri kwamba maandishi ni yake. Mwezi huohuo aliwasili gavana mpya, Sir Richard Turnbull, aliyetoka kuwa Katibu Mkuu wa serikali ya Kenya katika miaka ya Mau Mau. Kila mtu alijua maana ya Tanganyika kumfunga Nyerere wakati huo.

Hukumu ilitoka mwezi Agosti. Alitiwa hatiani: alipe faini ya Sh 3,000 au aende jela miezi sita. Faini ililipwa. Mwalimu akatoka, na majuma machache baadaye nchi ikaanza kupiga kura.

Kwa mara ya pili, basi, Pritt alikuja Afrika Mashariki kumtetea kiongozi na kwa mara ya pili mteja wake akatiwa hatiani. Tunalisema wazi kwa sababu katika mazungumzo ya vijiweni wakili wa Mwalimu hugeuka kuwa mshindi. Alichokipata Pritt ni kingine. Mashahidi wa serikali waliulizwa maswali hadharani, mbele ya wananchi, maswali ambayo mwananchi asingethubutu kumuuliza bwana shauri barazani kwake. Anayekumbuka jinsi mkuu wa wilaya wa zamani alivyopita barabarani, na watu wakavua kofia, atajua uzito wa jambo hilo.

Na tusiwasahau ambao hawakuwa na bahati hiyo. Mwaka huohuo Robert Makange na Kheri Baghdelleh wa gazeti la Mwafrika walihukumiwa kwa uchochezi, wakafungwa miezi sita. Hawakuwa na faini ya kuchagua.

Jimbo la Tanga, nasi ndani yake, lilikuwa katika kundi la kwanza la kupiga kura, Septemba 1958. Wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda katika kundi hilo, na Februari 1959 hali ikawa ileile kwa majimbo yaliyobaki. Katika chaguzi hizo Rattansey na Jhaveri wote wawili waliingia Baraza la Kutunga Sheria. Mawakili wa mshtakiwa wakawa watunga sheria ndani ya mwaka mmoja. Pritt alikwisharudi kwao. Kwa maoni yetu hawa wawili ndio waliostahili barabara na mitaa zaidi ya tulivyowapa. Mgeni huja na sifa zake na hurudi nazo. Mtu wa hapa hubaki na majirani, kesi ikishindwa anakutana na hakimu yuleyule wiki ijayo. Jhaveri aliishi kuandika habari za miaka hiyo, na kitabu chake cha kutembea pamoja na Nyerere kilitoka 1999.

Lakini huko juu milimani, wakati kesi kubwa inasikilizwa Dar es Salaam, mashauri ya wazee wetu yalikuwa yapi? Matuta. Mpango wa maendeleo ya Usambara ulianzia upande wa Mlalo baada ya vita, ukaenea wilaya nzima. Lengo lake lilisemwa kuwa kuzuia udongo usiteremke na mvua, na udongo kweli ulikuwa unateremka, hatukatai. Ila mkulima wa Kishambaa mwenye vipande vitatu vya shamba, kila kimoja ukubwa wa uwanja wa nyumba, aliamriwa alime matuta kwenye mteremko mkali, na pengine aache kabisa kulima sehemu aliyorithi. Asiyelima matuta alipelekwa barazani, akalipa faini au akafungwa. Akina mama, ambao ndio waliokuwa wakilima chakula, walipinga kwa nguvu. Wazee wetu walikuwa na maneno yao wenyewe ya kupimia utawala: kuna kuzifya shi, kuitengeneza nchi, na kuna kubana shi, kuiharibu. Kwa wengi matuta yalikuwa kubana shi. Mpango ule ulikufa katika miaka hiyohiyo ya 1957 na 1958, na TANU ikapata wanachama wengi kwenye miteremko ileile.

Sasa angalieni jambo hili. Mashauri ya matuta yalisikilizwa katika mahakama za wenyeji, na katika mahakama za wenyeji sheria haikuruhusu wakili kuingia. Hata kama Pritt angepanda zile kona za Mombo, akapita maporomoko, akashuka pale njia panda ya Bumbuli na kofia yake ya uwakili, angezuiwa mlangoni. Wakili alikuwa wa mahakama za juu. Chini, mahali ambapo watu wengi waliumizwa, kila mtu alisimama na mdomo wake tu. Wapo waliokuwa na mdomo mzuri. Sisi ni watu wa Vuga. Kumbukumbu yetu ya kwanza ya utawala ni ya Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyekuja kutoka Ngulu, akagawa nyama, akaamua magomvi ya watu kwa haki, wakamfanya mfalme. Kuamua vizuri ndiko kulikompa kiti. Lakini mdomo mzuri haujui siku 45.

Hapo ndipo habari ya Pritt inapokutana na mama wa mwenzetu. Tangu sheria ya mwaka 2002 mabaraza ya ardhi ya kata yalikuwa yakiamua mashauri ya mipaka na urithi, na huko nako mawakili hawakuruhusiwa. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha, na sasa baraza la kata linasuluhisha tu. Suluhu ikikosekana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mambo ni ya maandishi, tarehe na viambatanisho. Mwaka huohuo wa 2021 sheria ilikitamka Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mlikumbuke lile la Kapenguria: hatua hii si ndogo. Mama zetu sasa wanaweza kusikia kesi yao wenyewe. Lakini kuisikia ni nusu. Nusu nyingine ni kuiandika, na kuiandika kwa wakati.

Tangu 2017 tunayo pia Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayowatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa si mawakili. Ni watu wa kawaida waliopata mafunzo na kusajiliwa, wanaoweza kumkalisha bibi chini, wakamsomea barua aliyoletewa, wakamwonyesha tarehe ya mwisho na kumwambia aende wapi. Mwalimu mstaafu aweza kuifanya kazi hiyo. Kijana wa kidato cha nne mwenye mwandiko mzuri na moyo wa kusikiliza aweza pia.

Kamati, baada ya mabishano ambayo hatutayarudia hapa, iliamua fedha za mwaka huu zigawanywe mara tatu. Sehemu ya kwanza ni mafunzo ya wasaidizi wa kisheria kutoka vijiji vyetu, na tumesisitiza wanawake wasipungue nusu. Sehemu ya pili ni chumba cha kusomea hapa Soni mjini, chenye meza, kabati, taa, na nakala za Kiswahili za Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, ya mirathi na ya ndoa, ambacho kitakuwa wazi siku za soko, maana mama hawezi kushuka mara mbili kwa wiki kwa ajili yetu. Sehemu ya tatu ni karo ya kijana wetu anayesoma sheria chuo kikuu, kwa ahadi ya maandishi kwamba likizo zake atakaa chumbani humo. Tanki la maji limesogezwa mwaka ujao. Waliokuwa wanalitaka wamekubali, wengine kwa shingo upande, na tunawashukuru hao zaidi.

Pritt aliendelea. Kabla ya kesi ya Mwalimu alikuwa amewatetea Singapore, mwaka 1954, wanafunzi wanane wa chuo kikuu walioshtakiwa kwa uchochezi, akiwa na msaidizi kijana aliyeitwa Lee Kuan Yew, na hao waliachiwa. Katika miaka ya 1960 alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Ghana, na akaandika maisha yake katika vitabu vitatu. Alifariki mwaka 1972, ana miaka 84. Jijini Nairobi iko barabara ya Denis Pritt, na wenzetu wanaoishi huko wanasema hupita kila siku bila kujua ni nani.

Mama wa mwenzetu yu hai. Plamu ile iko upande wa pili wa mpaka sasa, na ikifika Desemba jirani humletea kapu moja. Yeye hulipokea. Alipoambiwa kwamba tutaandika habari zake aliuliza swali moja tu: hicho chumba kitafunguliwa lini, kwa kuwa dada yake wa Bumbuli naye ana barua ambayo hajaisomewa.